Filamu Iliyonyooshwa

Kwetu Wamaasai, mtu akishaaga dunia jina lake halitajwi ovyo. Kanisa limetulegeza kidogo, lakini ulimi wangu bado hukataa, kwa hiyo nyanya yangu hapa atabaki kokoo tu, na msinidai zaidi. Mama yake rafiki yangu Nalianya hakuwa Mmaasai. Alikuwa Mbukusu, fundi wa nguo pale Kitengela, na jina lake naliandika bila woga. Aliitwa Rispa. Naliandika kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema binti yake ni mtu baridi, mtu wa maringo, ambaye kwenye harusi hukaa viti vya nyuma na kuinamisha kichwa kamera ikipita. Hawajui wanachosema. Nalianya alikuwa mpiga picha kabla hajamaliza shule. Nilikuwepo siku alipopiga picha nzuri kuliko zote, na nilikuwepo alipoacha.

Baba yake, Mzee Wanjala, alifanya kazi katika kiwanda cha simiti Athi River. Siku za kazi alirudi nyumbani na vumbi la kijivu hata kwenye nyusi. Jumamosi na Jumapili alivaa koti, akaning'iniza kamera yake ya Yashica shingoni, akawa mtu mwingine kabisa. Alipiga harusi, ubatizo, na picha za kipande, yaani za kitambulisho, za vijana waliotimiza miaka kumi na minane. Picha za rangi alizipeleka Nairobi, lakini za nyeusi na nyeupe aliziosha mwenyewe bafuni, mlango umezibwa kwa blanketi, na jirani aliyetaka kuoga siku hiyo alisubiri hadi picha zikauke. Nalianya alianza kumsaidia akiwa darasa la nne. Alishika taa, kisha akashika kamera, na kufika Form One alikuwa akitumwa peke yake kwenye mahafali ya chekechea.

Filamu zote, mpya na zilizokwisha kupigwa, zilikaa ndani ya kopo moja la mafuta ya Kimbo juu ya kabati. Hapa lazima nieleze kitu, maana bila hicho hamtaelewa lolote. Wanjala alipomaliza kupiga filamu aliizungusha irudi ndani ya mkebe wake mdogo, lakini hakuirudisha yote. Aliacha nje ule mkia mfupi wa mwanzo, wenyewe wanauita ulimi, ili asihangaike kuutafuta gizani wakati wa kuosha. Filamu mpya nayo huuzwa ulimi ukiwa nje. Ukiziweka pamoja huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo alikuwa na sheria moja: filamu iliyopigwa hukunjwa ulimi, mkunjo mmoja mkali. Ulimi ulionyooka ni filamu mpya, uliokunjwa ni filamu yenye watu ndani. Baba na mtoto waliishi na sheria hiyo bila kuitaja, kama watu wanaojua ngazi ya nyumba yao gizani.

Rispa hakuwa mtu wa kamera. Miaka yote aliyokaa na fundi wa picha, picha yake ilikuwa moja tu, ile ya kipande. Kila mara Wanjala alipomwelekezea kamera, Rispa aliinua kitambaa alichokuwa akishona akajifunika uso, akasema filamu ni ya wateja, si ya kuchezea. Kibanda chake kilitazama barabara ya Namanga, na kola ya blauzi yake ilijaa pini kuanzia asubuhi hadi usiku. Alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wateja wake waliupenda, yaani hakuweza kuona mkunjo akauacha. Ukiingia kibandani na kola iliyojipinda, utanyooshwa kwanza ndipo usalimiwe.

Jumatatu ya Pasaka mwaka wa 1999 ndipo alipokubali. Sijui kwa nini, na Nalianya pia hajui. Alikaa mbele ya cherehani yake, dirisha likiwa upande wa kushoto, akamwambia mumewe apige basi amalize kiu. Wanjala alipiga filamu nzima, picha thelathini na sita, mkewe akicheka, akinywa chai, akitunga uzi kwenye sindano. Alimwomba atoe zile pini kolani, Rispa akakataa. Dawa ya kuosha ilikuwa imeisha. Wanjala akakunja ulimi wa filamu, akaitia koponi, akasema ataiosha akipita River Road kununua dawa. Halafu kiwanda kikaongeza zamu, na kila mwisho wa mwezi akasema mwezi ujao.

Mwezi wa nane kanisa likaandaa kambi ya sanaa ya vijana mjini Kajiado, wiki mbili za likizo. Tulitoka kila pembe ya wilaya, wengine mbali hadi Illasit. Mimi nilitoka Bisil, nikaingia kundi la maigizo kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa na sikuwa na kipaji kingine. Wanjala hakutaka kamera yake iende safari hiyo. Rispa ndiye aliyemshinda. Alimwambia mtoto hawezi kujifunza kupika kwa kuangalia sufuria ya wengine. Basi Wanjala akakubali kamera iende na filamu mbili kutoka kwenye kopo, akaenda zamu yake. Asubuhi ya safari Nalianya alikuwa kwenye foleni ya maji, na mama yake ndiye aliyemfungia begi.

Nilimpenda Nalianya siku ya kwanza kwa sababu ya jinsi alivyotembea. Alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na mitano. Wenzetu wa Kitengela walikuja na nywele zimewekwa dawa na viatu vya kuonyesha. Yeye alikuja na sketi aliyoshonewa na mama yake, iliyonyooka kuliko sare ya askari, na Yashica nzito kifuani ambayo aliishika kwa mkono mmoja akitembea ili isimgonge. Mwalimu wa picha, Bwana Githongo, alikuwa na studio yake Nairobi na hakuwa na subira na wapuuzi. Siku ya pili alimpa Nalianya kazi ya kuwafundisha wengine kupima mwanga, kisha akaenda kunywa chai.

Siku ya nne Githongo alitaka picha za watu wazima katika shughuli zao. Nikasema kokoo yangu anakaa mwendo wa saa moja kutoka mjini. Tukaenda wawili. Kufika bomani Nalianya akafanya kile ambacho watoto wote wa Kitengela hufanya, akanyoosha mkono kusalimia. Kokoo akautazama ule mkono, akaniuliza kwa Kimaa kama mgeni anaomba kitu. Nikamsukuma Nalianya shingo ainamishe kichwa. Kokoo akamgusa utosini, akasema, "Takwenya," na Nalianya akaitikia "Iko" kwa sauti ya Kibukusu iliyomfanya kokoo acheke hadi akashika nguzo.

Kokoo alikuwa na madai yake kuhusu picha. Aliwahi kupigwa moja tu, ya kipande, na yule mtu wa serikali alimwambia avue mapambo na asicheke. Alitaka picha nyingine ya kusahihisha hiyo. Akavaa kila alichonacho, masikio, shingo na mikono, akakaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa nyumba yake, ule mlango mfupi ambao ndani yake ni giza totoro hata saa sita mchana.

Nalianya akafungua begi, akatoa filamu. Ilikuwa imefungwa juu ya kipande cha karatasi ngumu ya kukatia mitindo ya nguo, na ulimi wake umelazwa juu ya karatasi hiyo na kushikiliwa kwa pini moja ya fundi, kichwa chake cheupe. Nilicheka. Nalianya pia akacheka.

"Aliniambia ameninyooshea filamu, ilikuwa imejikunja," akasema. "Mama yangu hata filamu anapiga pasi."

Akachomoa pini, akanipa nishike, nami nikaichomeka kwenye sweta yangu. Akautazama ulimi kidogo, akapitisha kidole juu yake, kisha akaingiza filamu kwenye kamera. Akapiga. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi namna ile, na nimewaona wapiga picha wengi tangu hapo, wanaofokea watu kama ng'ombe wa mnadani. Yeye alisubiri. Alikaa chini na kokoo, akala alichopewa, akapiga moja, akasubiri tena. Filamu ilipoisha kokoo aliuliza mtoto huyu ni wa nani, na akanituma nimwambie mama yake kwamba amelea. Tukarudi kwa miguu jua likishuka, miiba ikitusumbua njia nzima, Nalianya akiimba.

Chumba cha giza kilikuwa stoo ya kanisa. Githongo aliziba dirisha kwa magodoro, akaweka balbu nyekundu. Ile filamu ilipooshwa na kukauka alisema ni nzito, labda mwanga ulizidi, akaikata vipande vya picha sita sita na kumwambia Nalianya ajaribu moja kwenye karatasi. Nilikuwa ndani kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza kumwona kokoo. Nalianya akaitia karatasi kwenye beseni la dawa, akalitikisa polepole, na kokoo akaanza kutokea, mapambo kwanza, kisha meno. Halafu mlangoni, pale palipokuwa na giza, akatokea mtu mwingine.

Niliogopa, sitaficha. Sisi tunaogopa kitu kinachotoka ndani ya nyumba bila kualikwa. Ilikuwa nusu ya uso wa mwanamke, jicho moja, shavu moja, na kola. Nusu nyingine ilikuwa imemezwa na ukuta wa nyumba ya kokoo. Nalianya akaacha kutikisa beseni. Alisema, "Ni Mama," kama anayemtambulisha kwangu, na kweli ndivyo nilivyokutana na Rispa.

Akachukua vipande vyote vya filamu, akavitazama kimoja kimoja kwenye balbu. Cherehani ilikuwa juu ya mbuzi. Mkono wenye kikombe cha chai ulitoka kwenye bega la kokoo. Ilikuwa filamu ya Pasaka, yote, picha zote thelathini na sita alizowahi kukubali kupigwa mama yake, na juu yake zimepigwa nyingine thelathini na sita. Katika zote, nusu ile ya uso ndiyo iliyokuwa afadhali. Nalianya akakaa sakafuni na kulia. Akaniambia jambo moja ambalo lilimsumbua zaidi ya yote, kwamba aliiona alama ya mkunjo. Alipopitisha kidole alihisi mstari, akadhani ni kopo limeukunja, kwa sababu aliyeunyoosha ni mama yake, na mama yake hakosei.

Mimi nilitaka kujua kwa nini mama alinyoosha kitu kama hicho. Nalianya akanitazama kama aliyeulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza maishani. Akasema hakuna aliyemwambia mama maana ya mkunjo. Ilikuwa mambo yao, yeye na baba.

Githongo alipoiona ile picha aliomba abaki nayo. Kisha akasema yeye amepiga miaka ishirini na hana picha kama hiyo, na kwamba Nalianya akimaliza Form Four aje studioni kwake, atamfundisha bila kumtoza. Kabla ya kulala Nalianya alikuwa amejipanga upya. Atakwenda nyumbani, atamwonyesha mama yake, watacheka, kisha atamkalisha tena mbele ya cherehani na kumpiga upya kabla baba hajajua. Mtu yupo, akasema, picha itapatikana. Akaniomba nisimwambie yeyote habari ya pini, maana utani huo ni wake na mama yake.

Siku tatu baadaye pikapu iliingia uani. Dereva alikuwa Muteti, aliyefanya kazi na Wanjala kiwandani. Akasema mama ya Nalianya ni mgonjwa kidogo, anamhitaji. Tunajua wote maana ya mgonjwa kidogo pikapu inapotumwa toka Kitengela hadi Kajiado. Githongo akaniambia nimsindikize. Nalianya alikaa katikati yetu na kamera mapajani, na Muteti alitazama barabara tu. Tulipopita Kisaju Nalianya akaanza kunisimulia jinsi mama yake atakavyocheka akiona cherehani juu ya mbuzi. Niliitikia. Sikujua la kufanya zaidi ya kuitikia.

Rispa alikuwa amekufa jana yake, presha, akiwa kwenye cherehani yake. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Nyumba ilijaa watu wa kanisa na akina mama majirani wa ploti, viti vya kukodi vikishushwa nje. Wanjala alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, kopo la Kimbo likiwa magotini na filamu zimemwagwa juu ya shuka. Aliyekuwa akiandaa karatasi ya ratiba ya mazishi alikuwa ametaka picha. Aliponiona hakuniuliza mimi ni nani.

"Nalianya," akasema, "ile filamu ya Pasaka siioni. Si nilikunja?"

Aliuliza kwa upole. Alikuwa mtu aliyeshikilia kitu kimoja tu, kwamba mkewe yumo ndani ya kopo, na dawa sasa atanunua, atanunua leo. Nalianya alisimama mlangoni. Akatoa kwenye begi bahasha ambayo Githongo alimtilia vile vipande vya filamu.

"Niliichukua mimi, Baba. Nikapiga juu yake."

"Na mkunjo?"

"Niliukunjua. Nilidhani umejikunja tu."

Nilifungua mdomo. Mimi ndiye niliyeishika ile pini, mimi nilijua. Nalianya akanishika mkono akanibana hadi kucha zikaingia. Wanjala akavitazama vile vipande vya filamu kwenye mwanga wa dirisha, viwili tu, akavirudisha katika bahasha. Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Akanyoosha mkono kuelekea kifuani pa mwanawe, naye akavua kamera na kumpa.

"Basi," akasema.

Nje, nyuma ya tangi la maji, nilimwuliza Nalianya kama ana wazimu. Akaniambia wanamzika mama Jumamosi, na hataki baba amzike akiwa amemkasirikia. Nikasema si hasira, ataelewa. Akasema hata akielewa, atasimama pale kaburini akifikiri kwamba Rispa alijifuta mwenyewe. "Acha afikirie mimi," akasema. Alikuwa na miaka kumi na sita, na nilimwona akiwa mtu mzima pale pale, na nilichukia kila kitu.

Walimzika kwao Bungoma kwa picha ya kipande. Waliikuza hadi ukubwa wa dirisha, na mistari ya plastiki ya kipande ikakuzwa pamoja nayo, na Rispa akawatazama waombolezaji wote kwa macho ya mtu aliyeambiwa asicheke. Mimi sikwenda, lakini Nalianya alinipa karatasi ya ratiba, na ninayo.

Githongo aliandika barua mbili. Nalianya hakujibu. Alimaliza shule, akasomea ukarani, akaajiriwa kwenye shamba la maua nje ya mji, akihesabu masanduku. Wanjala hakupiga harusi nyingine. Wateja walipokuja aliwaambia macho yamechoka. Waliishi nyumba moja, wakala meza moja, wakajenga hata kijumba chao kwenye ploti yao wenyewe wakati Kitengela ilipokuwa ikiota ghorofa kila upande, na kwa miaka minane neno picha halikutamkwa humo ndani. Nalianya alikuwa akinitembelea Kisaju, nilikokuja kufundisha, na kila mara nilimwambia amweleze mzee. Kila mara alisema ni kitu cha zamani. Hakikuwa cha zamani. Aliposhika mtoto wangu wa kwanza nilimwomba atupige kwa simu yangu mpya, akasema hajui kuitumia.

Mwaka wa 2007 kokoo alituacha. Nilitafuta picha yake na nilichopata ni ile ya kipande, isiyo na mapambo wala kicheko. Niliketi nayo nikaona kwamba mimi pia sasa nina shida ile ile, na hasira ikanipanda. Jumapili iliyofuata nilikwenda Kitengela, nikangoja watoke kanisani, nikasema nimekuja kuomba picha ya kokoo yangu, ile iliyoharibika, hata ikiwa na nani ndani yake.

Nalianya alinitazama kana kwamba nimemwaga maji ya moto mezani. Wanjala aliinuka. Alikwenda chumbani, akarudi na bahasha ya Githongo, imelainika pembeni kwa kushikwa. Akachomoa kipande cha kwanza cha filamu, kile chenye ulimi, akakiinua dirishani.

"Naserian, wewe ulikuwepo," akasema. "Hii tundu ni ya nini?"

Ningeweza kusema sijui. Nalianya alikuwa akinitikisia kichwa. Lakini nilikuwa nimekaa na lile tundu miaka minane na halikuwa langu.

"Ni pini, mzee. Mimi ndiye niliishika."

"Najua ni pini," akasema. "Niliiona wiki ile tulitoka Bungoma. Hapa kwa nyumba ni nani mwingine alikuwa anapiga kitu pini?"

Akaketi. Akatuambia, akimtazama mwanawe kwa pembe ya jicho tu, kwamba aliichukua kamera kwa hasira na hasira yenyewe haikumaliza siku kumi. Alitaka kuirudisha. Lakini Nalianya angeuliza kwa nini, na angejibu nini? Angesema mama yako ndiye aliyeharibu? Alidhani mtoto hajui. Alidhani mtoto alichukua lawama kwa kuwa kweli anaamini ni yake, na akaona heri msichana aishi na hasira ya baba kuliko kuishi akijua hilo kuhusu mama. Nalianya akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alijua tangu siku ya kwanza.

Hapo nilipoteza adabu. Niliwaambia wote wawili kwamba ni wajinga, kwamba Rispa angekuwa hai angecheka hadi machozi yamtoke, kwamba wamemlinda marehemu na kosa dogo la mkono na katika kumlinda wameua macho ya mtoto. Nilimwambia mzee maneno ambayo binti wa umri wangu hamwambii baba wa mwenzake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hujui yote," akasema. "Aliniuliza. Mwaka wa kwanza tu tukihamia Kitengela, alichukua filamu moja kwa kopo, akaniuliza, Baba Nalianya, mbona unazikunja? Nikamwambia, hayo ni mambo ya kazi, mama. Hakuuliza tena."

 Redio ya jirani ilikuwa ikihubiri. Wanjala akaingia tena chumbani, akatoka na Yashica, imefungwa kwenye kitambaa cha kitenge chenye mshono ambao hata mimi niliutambua. Alikuwa ameitunza, haikuwa na vumbi hata chembe. Akaiweka mbele ya Nalianya. Nalianya akaiinua kwa mkono mmoja, akapima uzito wake, akaiweka jichoni mara moja akielekea dirishani. Kisha akairudisha mezani taratibu, akamwambia baba yake asante, na sote watatu tukajua kwamba haitatoka tena hapo.

Lakini picha ya kokoo alinioshea. Ijumaa baba yake alinunua dawa River Road, na Jumamosi mchana wakaziba mlango wa bafu kwa blanketi, na mimi nikaruhusiwa kuingia. Kokoo akatokea, mapambo kwanza, kisha meno. Halafu nyuma yake, mlangoni, nusu ya Rispa, jicho moja likicheka na kola imejaa pini. Wanjala aliinama juu ya beseni hadi pua yake karibu iguse dawa. Akasema alimwambia azitoe.

Tulikuwa tunasubiri zikauke, nakala mbili, moja yao na moja yangu, Nalianya aliponiuliza. Aliuliza kama mtu anayeulizia kijiko.

"Ile pini uliweka wapi?"

Nilimwambia sikumbuki. Si kweli, nakumbuka vizuri. Siku ile tulipokuwa tukirudi kutoka bomani, yeye akiwa mbele yangu anaimba, mwiba ulinichoma kisigino. Nikachomoa pini kwenye sweta, nikautoa mwiba, nikaitupa pini nyasini pamoja nao, nikakimbia kumfikia.